Saa ya Mia Tatu

Fomu iliniuliza jina, nikaandika.
Ikauliza namba ya kitambulisho, nikaandika.
Ikauliza hali ya ndoa, kalamu ikagoma
kama punda aliyefikishwa kwenye ngazi.
Nikaandika: mtalaka.
Kisha nikalipa ada.

Amu ilikuwa imeshanijibu kabla ya bodi:
mganga hajigangi.
Alianza fundi wa makabati,
akalirudia shangazi Mwanashee huku akinimiminia uji,
kwa upole, kana kwamba ni dawa ya kikohozi.
Sikumbishia. Nilikuwa na saa za kuhesabu.

Mia tatu, kila moja na saini yake.
Saa za watu wawili na mimi,
chumba cha ghorofani, Langoni, juu ya duka la gesi la Famau,
viti vitatu, kimoja kimefungwa kamba,
zidaka tupu ukutani
ila kile chenye boksi la tishu
na daftari langu la jalada la kijani.

Mji huu hauna siri ya miguu.
Kwa mwendo tu watu hujua buibui lile limembeba nani.
Basi wanawake huja kwa wikio,
kutoka nyumba ya pili, juu ya kichochoro,
nyayo zao zikipita juu ya vichwa vya wanaowasema.
Wanaume huja kununua gesi.

Shekuwe alinunua mitungi mitatu kwa mwezi mmoja.
Mkewe Mwanaesha, mwalimu wa chekechea,
alifungua kikao cha nne na hilo:
"Nyumba ya watu wawili na mtoto, mitungi mitatu!
Anapika nini huyu, nisichokila mimi?"
Nusura nicheke.
Nikaandika: anapika nini nisichokila.
Hayo hayakuwa maneno ya gesi.

Saa ya mia tatu waliingia, wakaketi,
wasiseme.
Nikangoja, kama nilivyofunzwa.
Huko chini Famau aligonga mtungi, akasikiliza, akagonga mwingine.
Dakika kumi. Ishirini.
Mwanaesha ameutazama ukuta mpaka ukaona haya.
Shekuwe anaitazama kamba ya kiti alichokalia mkewe.
Dakika ya thelathini akainuka,
akapiga goti, akaifungua ile kamba, akaifunga upya,
fundo la mtu ajuaye kazi.
"Sasa egemea," akamwambia. "Hakitakuangusha."
Akaegemea.
Yaliyofuata yamo kwenye daftari, na daftari lina kufuli.

Usiku nikampigia msimamizi wangu, Bi. Nyevu, Malindi,
ambaye kalamu yake nyekundu haijawahi kunihurumia.
"Nusu saa ya kimya, inahesabiwa?"
"Kimya kilikuwa cha nani?"
Nilitaka kusema: chao.
Nikaiona sebule yangu ya zamani, Mkomani,
miaka sita, sahani mbili,
nikiyameza maneno yangali moto, yakinichoma njia nzima,
na bwana yule akidhani nimeshiba.
"Kipande kilikuwa changu," nikasema.
Akakaa kimya naye, sijui cha nani.
"Iandike yote," akasema mwishowe.
"Na wiki ijayo uje na hicho kipande."

Leseni imefika leo kwa barua pepe,
faili ambalo simu yangu imekataa kulifungua.
Nikaenda kwa Twalib mwenye mashine ya kuchapa.
Ikatoka polepole, kichwa kwanza, kama mtoto:
jina langu, namba, muhuri wa buluu,
mshauri wa ndoa na familia.
Hapana mahali pameandikwa mtalaka.
Hapana mahali pameandikwa amepona.

Twalib aliisoma yote kabla ya kunipa, ndio mji wetu.
Pesa akazikataa.
Akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaifunga,
akatazama mlangoni, kulia, kushoto,
akaniuliza kwa sauti ya kuulizia bei ya dhahabu:
"Dada, hivi ile gesi,
Famau huanza kuuza saa ngapi?"